Zoezi Namba 412

Kyzyl-Sai,
12 Septemba 2004

Kwako mwanangu Kubanych,

Salaam aleikum. Je, u mzima? Kile kifua kimepona? Huko Novosibirsk baridi imeanza kuuma au bado? Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kondoo wazima, ng'ombe mzima, farasi wote wawili wamezeeka kama mwenyewe. Kaburi la mama yako nimelizungushia mawe mapya. Majirani wote wanakusalimu, hata Toktosun, ambaye bado anadai ulimvunjia dirisha.

Nakuandikia habari za Begimai. Ameingia darasa la saba. Huko nyuma mambo yalikuwa mepesi: mwalimu mmoja, kuzidisha na kugawa, mimi nakaa naye mezani na naona anapokosea. Sasa ana walimu tisa, na hesabu imegawanyika kama urithi, huku aljebra, kule jiometri. Jumamosi alinipa daftari la alama nitie sahihi ya mzazi, huku amelifunika kwa mkono. Nikamwambia, "Ondoa mkono, mwanangu, siwezi kutia sahihi juu ya vidole." Chini ya vidole kulikuwa na alama ya mbili kati ya tano, mara tatu.

Juzi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mwanamume nilikuwa peke yangu, nimebanwa kwenye dawati la watoto, magoti yananigonga kifuani. Mwalimu Gulsun akasema mbele ya akina mama wote, "Mzee Sooronbay, mtoto huyu si mjinga. Wengi huanguka hapa darasa la saba, na huanguka kwa sababu nyumbani hakuna anayewauliza wamejifunza nini."

Nikasema, "Mwalimu, nimuulize kitu nisichokijua?"

"Hicho hasa, mzee wangu."

Akina mama wakacheka, nami nikanywea. Nyumbani nikafungua kitabu chake. Herufi na namba zimechanganyika kama mbuzi na kondoo siku ya mnada. Wewe ulikuwa hodari wa hesabu, shule nzima ilijua. Nifundishe kwa barua nami nimfundishe yeye. Kwa mila yetu ni mwanangu, lakini kwa damu ni wako, na kichwa hicho hakukitoa kwangu.

Begimai anakusalimu sana wewe kaka yake, kama anavyokuita. Barua hii anakuletea Mairam, mke wa Jumabek, pamoja na jibini kavu. Usiwagawie Warusi, hawajui kuitafuna.

Ni mimi baba yako,
Sooronbay

*

Novosibirsk,
17 Oktoba 2004

Baba,

Aleikum salaam. Barua nimeipata, na jibini pia. Nimeifungua kwenye jukwaa la ujenzi, ghorofa ya saba, tunakopiga lipu, na harufu ya nyumbani ikanijia nikasahau mwiko mkononi mpaka lipu ikakauka. Kifua kimepona. Natumai goti halijazidi.

Unaniomba mimi nikufundishe hesabu, Baba. Niliishia darasa la nane, na sababu unaijua. Lakini tuyaache hayo.

Hiyo x isikutishe. Chukua hivi: zizini una kondoo kumi na wawili. Wengine wako nyuma ya kilima, hujawaona. Toktosun anakwambia wote jumla ni arobaini. Wale wa nyuma ya kilima ndio x. Ni kondoo ambao hujawahesabu, basi. Kazi yote ya aljebra ni kuwatoa wale wa zizini pole pole mpaka x abaki peke yake.

Ila nisikilize, usiende kumfundisha. Mwambie akufundishe wewe. Unamkumbuka Mama, alivyokuwa akikaa kwenye zulia la sufu karibu na jiko, anachambua manyoya? Kugawa hakujua. Lakini kila siku nikirudi aliniuliza, "Haya, leo wamekulisha nini huko?" Nami nikimweleza, na katikati ya kumweleza naelewa mwenyewe. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisikiliza. Baadaye alinipa boorsok, vile vimandazi vyake vya moto, na siagi. Sijapata kula kitu kitamu kama vile tena.

Basi fanya hivyo. Kila siku wakati uleule, ng'ombe akishakamuliwa, mkate ukiwa tanurini. Mpe meza, mwondolee kazi saa hiyo. Akikosea usimwambie jibu, na usipige kelele. Muulize tu, "Umefikaje hapo?"

Mwanao,
Kubanych

*

Kyzyl-Sai,
5 Desemba 2004

Mwanangu Kubanych,

Salaam nyingi. Natumai u mzima na miguu ina joto. Hapa theluji imefika kwenye kizingiti, lakini nyasi za akiba zipo. Nimekuwekea soksi za sufu ndani ya bahasha. Amezifuma Begimai, na kama moja ni ndefu kuliko nyingine, usimuulize amefikaje hapo.

Nimefuata maneno yako. Sasa mimi ni mwanafunzi. Nimenunuliwa daftari, na nimetengenezewa daftari la alama langu mwenyewe, kwa mistari ya rula. Wiki ya kwanza nilipata mbili. Nikalalamika. Begimai akaniambia, "Baba, ulikuwa unatazama dirishani."

"Nilikuwa namtazama farasi."

"Farasi hayumo kwenye zoezi."

Akaniandikia kwa wino mwekundu: Baba hasikilizi. Mwanangu, nimekaa darasani miaka mitano tu maisha yangu yote, na leo nafukuzana na alama nikiwa na miaka sitini na sita. Lakini siku aliponieleza yule kondoo wa nyuma ya kilima nikaelewa, aliruka akanikumbatia kwa furaha, nami nikafurahi kuliko siku niliyopewa nishani. Mama yako angeona, angecheka mpaka kilemba kimdondoke.

Naye alama zake zimepanda. Ana tatu nyingi, na moja ya nne. Mwalimu Gulsun anasema mtihani mkubwa ni katikati ya Machi. Akiupita vizuri, atampendekeza darasa la hesabu katika shule ya bweni kule Naryn.

Machi ndiyo kondoo wanazaa. Mwaka huu wenye mimba ni mia mbili na themanini, pamoja na wale wa kijiji ninaowachunga. Mikono ni miwili yangu na miwili yake. Tutaona.

Baba yako,
Sooronbay

*

Novosibirsk,
9 Januari 2005

Baba,

Salaam. Ni mzima. Soksi zimenifaa.

"Tutaona." Neno hilo nalijua. Ulilisema mwaka themanini na saba, mezani hapo hapo, nikiwa na miaka kumi na mitano. Shamba la ushirika lilitaka wanakondoo mia na kumi kwa kila majike mia, na wewe ulitaka nishani. Jumatatu iliyofuata hukuniuliza kitu. Ulileta farasi wawili mlangoni. Ukasema, "Kondoo hawangoji, shule inangoja. Ni wiki tatu tu." Wiki tatu zikawa mwezi, mwezi ukawa malisho ya kiangazi, na msimu wa vuli nikaona haya kukaa na watoto wadogo kuliko mimi. Nilikuwa nimeshafundishwa nusu ya kitabu cha aljebra. Mama alichukua daftari langu la alama akalifungia sandukuni.

Sikukulaumu, Baba, na labda ndilo kosa langu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nakuheshimu.

Begimai alipotimiza siku saba nilimweka mapajani mwa Mama, kama mila inavyotaka mzaliwa wa kwanza alelewe na babu na bibi. Tangu hapo anakuita wewe Baba, mimi Kaka. Sijawahi kudai. Lakini ukimtoa shuleni Machi, mila au si mila, nitakuja kumchukua.

Mwanao,
Kubanych

*

Novosibirsk,
27 Machi 2005

Baba,

Salaam. Miezi miwili na nusu sijapata barua. Sikukuu ya Nauruzi imepita, sijasikia hata salamu ya kupewa mtu. Dereva wa basi la Kochkor anasema huko theluji imeanguka upya na njia ya mlimani ilifungwa. Je, mko wazima? Begimai alifanya mtihani?

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie.

Mwanao,
Kubanych

*

Kyzyl-Sai,
20 Aprili 2005

Mwanangu Kubanych,

Salaam aleikum. Tu wazima sote wawili, nalitanguliza hilo ili usome mengine kwa utulivu. Barua zako mbili nilizipata kwa pamoja baada ya njia kufunguliwa. Kwa hiyo ile ya hasira ilinikuta mambo yameshatokea. Ni vizuri. Ingefika mapema, pengine ningebisha.

Sitakuficha. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya mtihani walizaa kondoo ishirini na wawili, na theluji ikaanza. Asubuhi nilileta farasi wawili mlangoni. Ndiyo, Kubanych. Wawili. Begimai alikuwa ameshavaa sare. Aliwatazama farasi, akaanza kuvua utepe kwenye nywele. Hakulia wala hakubisha. Akasema tu, "Sawa, Baba, nitavaa buti."

Wewe pia ulisema hivyo. Ni maneno hayo hayo. Miaka kumi na minane nimekuwa nikisema moyoni kwamba ulikubali, na kwamba asiyetaka angesema. Pale mlangoni ndipo nilipojua kwamba mtoto mwenye heshima hasemi. Niliona aibu, mwanangu.

Nikamwambia, "Rudisha utepe. Panda huyu, nenda shule."

"Na kondoo?"

"Kondoo ni hesabu yangu."

Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Nilipita nyumba kwa nyumba kuita ashar. Unajua kwetu watu huitana ashar kujenga nyumba, kuvuna nyasi, kuchimba mfereji. Lakini mchungaji kuomba mikono ya majirani kondoo wakizaa, tena mchungaji mwenye nishani? Mwaka ule wa themanini na saba wangekuja vilevile kama ningewaita. Ningechekwa siku mbili, basi. Kwa ajili ya siku mbili za kuchekwa nilikutoa shule.

Na walinicheka. Bibi Zuura alikuja na fimbo yake akasema, "Sooronbay, nishani imeshindwa kukamata mwanakondoo?" Toktosun alivua koti akaingia zizini, akaniambia, "Nitakusaidia, lakini dirisha langu silisamehi." Walikuja watu kumi na wanne. Walikaa nasi siku sita, wakipokezana. Tumepoteza wanakondoo kumi na mmoja. Miaka ile ningelia kwa idadi hiyo. Mwaka huu niliwazika, nikarudi ndani kuandaa chai.

Begimai amepata nne. Alilia kwa kukosa tano. Mwalimu Gulsun ameandika barua ya kumpendekeza Naryn, na Septemba ataondoka. Nyumba itakuwa kimya. Nimemuuliza atakayenisahihishia daftari langu ni nani, akasema nimtumie mazoezi kwa barua.

Sasa jambo la mwisho. Nilifungua sanduku la mama yako. Daftari lako la alama lilikuwa chini kabisa, ndani ya kilemba chake cheupe, na bado lina harufu ya sufu na sabuni yake. Nilikaa nalo mchana mzima. Tano, tano, nne, tano. Kila wiki kuna sahihi yake, ile ya kujikongoja. Kisha tarehe kumi na sita Machi umeandika kwa mkono wako: kazi ya nyumbani, aljebra, zoezi namba 412. Baada ya hapo kurasa ni tupu mpaka mwisho, na mahali pa sahihi ya mzazi pako wazi wiki hadi wiki.

Nimezitia sahihi zote, na daftari lenyewe nakutumia pamoja na barua hii. Najua hazisaidii kitu sasa. Lakini nilikuwa mzazi wiki zile pia, na nilipaswa kuandika jina langu hapo. Nisamehe.

Begimai amekitafuta kitabu cha zamani maktabani akakunakilia zoezi lenyewe: Watu wawili wametoka miji miwili wakielekeana. Kati ya miji kuna kilomita mia mbili na sabini. Mmoja huenda kilomita hamsini kwa saa, mwingine arobaini. Watakutana baada ya saa ngapi? Mimi nimelijaribu, nikapata jibu la ajabu, akanirudishia.

Baba yako,
Sooronbay

*

Novosibirsk,
15 Mei 2005

Baba yangu mpendwa,

Aleikum salaam. Natumai goti limepona kwa jua la Mei, na Toktosun hajambo na dirisha lake. Mimi ni mzima. Kazi ya jengo hili inaisha mwezi ujao, nami nimeomba ruhusa. Nataka niwe nyumbani mtakapopandisha kondoo malishoni, na Septemba nimpeleke Begimai Naryn pamoja nawe. Aniite Kaka vilevile, sikio limeshazoea.

Barua yako niliisoma mara moja, sijaweza kuirudia. Daftari liko chini ya mto wangu.

Jumapili nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikachonga penseli ya seremala. Nikalifanya zoezi namba 412. Limenichukua asubuhi nzima, maana nilikuwa nimesahau pa kuanzia. Hamsini na arobaini ni tisini. Mia mbili na sabini gawa kwa tisini. Watakutana baada ya saa tatu.

Nimeliweka ndani ya bahasha hii. Mpe Begimai alisahihishe, kisha wewe utie sahihi. Akikuta kosa, asinipe jibu. Aniulize tu nimefikaje hapo.

Mwanao,
Kubanych