Picha za Kiwanda cha Mzee Kilonzo

Baba Mutua,

Studio haijafungwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza hilo kwanza, hata kabla ya kuuliza kama watoto wamekula. Wamekula. Mutua amekuwa mrefu, suruali zako karibu zimtoshe.

Tangu tukuzike kule Nunguni, mwaitu, mama yako, alikuwa akinihimiza niuze kamera, nifunge mlango hapa Sultan Hamud, niende tulime pamoja. "Mjane anazunguka na kamera shingoni, watu watasema nini?" Wewe ndiye ulikuwa unapiga. Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha giza, wa kuosha filamu na kuanika picha kwenye kamba.

Halafu akaja Mzee Kilonzo, yule mwenye kiwanda cha pombe ya asali nyuma ya stesheni. Alitoa pole, akanywa chai, akazungusha kofia yake mikononi mpaka nikamhurumia.

"Mama Mutua, marehemu alikuwa amekubali kunipigia picha za kalenda na za kubandika madukani. Wewe utaweza?"

Kumbe ulikubali na hukuniambia. Najua kwa nini. Pombe ndiyo ilimmaliza babako, na mwaitu hataki hata kupita karibu na kilabu. Nilitaka kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeanza kufunga vyombo vya studio kwenye maboksi, na kila nikifunga kimoja ilikuwa kama nakuzika tena. Nikasema, "Nitaweza."

Mara ya kwanza niliharibu, bwanangu. Ndani ya kiwanda ni giza na joto, mapipa yamejaa mpaka kwenye paa, asali inanuka hadi kichwa kinazunguka. Nikapiga na flashi. Nilipoosha filamu, kila chupa ilikuwa na doa jeupe katikati, kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Nikakaa chini kwenye sakafu ya chumba chetu cha giza nikalia. Kisha nikakusikia, wewe na ule usemi wako wa kuudhi: "Mwanga hauombwi, unangojewa."

Nikarudi asubuhi. Nikaomba kreti zitolewe nje, nikafunga shuka letu jeupe kwenye ua ili lirudishe mwanga taratibu. Mzee Kilonzo alikuwa ameleta msichana wa kutoka mjini, amevaa kisketi, ashike chupa na kutabasamu. Yule mtoto alikuwa anatetemeka kwa baridi na kwa haya. Nikamwambia mzee, "Huyu mpe sweta aende nyumbani. Nipe wale wanaotengeneza." Alinuna. Lakini akakubali.

Basi nikawapiga akina mama wanaoosha chupa, mikono imejaa povu. Mmoja aliteleza, maji yakammwagikia mwenzake, wote wakaangua kicheko, na mimi nikabonyeza. Nilijua hapo hapo. Wewe uliwahi kujua hivyo, kabla filamu haijaoshwa?

Habari zilifika Nunguni kabla ya kalenda. Mwaitu akateremka na basi bila kutuma neno. Nilimuona amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kanisa kichwani, nikajua yamekwisha. Nikampa kiti. Hakuomba chai. Alisema tu, "Zilete."

Nikazileta. Aliziangalia moja moja, polepole, na mimi nimesimama kama mtoto wa shule. Akafika ile ya kicheko. Akaishika muda mrefu.

"Huyu si Kalunde, wa Mbumbuni?"

"Ndiye, mwaitu."

"Tulimzika bwanake pamoja. Sijamuona akicheka tangu siku ile." Akaiweka mapajani. "Pombe siipendi, na sitaipenda mpaka niende kwa Bwana. Usinipigie tena picha ya chupa. Lakini hawa watu… hawa umewaona vizuri." Kisha akaangalia yale maboksi kwenye kona. "Fungua hayo. Mwanangu hakukufundisha ili ukalime mahindi."

Nililia, baba Mutua, safari hii bila uchungu. Naye mwaitu akavuta kiti mbele ya pazia, akanyoosha kitambaa chake, akasema nimpige yeye, na nisimfanye aonekane mzee.

Mzee Kilonzo alichagua ile ya kicheko. Imebandikwa kila duka hapa mjini, na watu wanauliza nani aliipiga. Sasa wananiita harusini, hata kanisani.

Kazi ya pombe sitaipokea tena. Hilo nimemwahidi mamako. Wewe nakuahidi jingine: hatazeeka peke yake. Kila mavuno mimi na watoto tutakuwa Nunguni, na mwaka huu ameshakubali kuja kukaa nasi mpaka mvua.

Pumzika, bwanangu. Sina hofu tena. Wacha niende, kuna bibi harusi anangoja hapo nje.

Wako,
Mama Mutua