Maili Sabini na Mbili hadi Jackson

Jumatatu, 8 Septemba

Kifungua kinywa cha Umoja wa Wachungaji Weusi, ukumbi wa chini kanisani kwa Mchungaji Lampkin. Wanaume kumi na tisa, wanawake watatu. Kambale wa kukaanga, uji wa mahindi, mayai. Nilikula vyote. Ladha sikuisikia.

Mwenyekiti wetu, Battle, alisoma ajenda. Alhamisi bodi ya kaunti itasikiliza maoni kuhusu wodi ya wazazi: ifunguliwe tena hapa kwetu, au wajawazito waendelee kwenda hospitali ya Jackson, maili sabini na mbili. Jumapili ibada kuu ya mwaka, papa hapa kwa Lampkin. Alipotaja wodi, vijiko vikanyamaza. Kila mtu akawa ananitazama huku akijifanya anatazama sahani.

Miezi sita sasa tangu Renita. Mwanangu wa pekee. Alifia kwenye gari la mumewe, maili ya hamsini. Mtoto akatolewa mzima. Nimeyaandika haya kama mtu anayeandika orodha ya dukani.

Battle alinifuata nje, kofia mkononi. "Dada Verlene, si lazima. Ila ukisema wewe, watasikia."

Nikasema sawa. Nikaja nyumbani nikafua mapazia. Hayakuwa machafu.

Jumanne, 9 Septemba

Mazoezi! Sikujua kwamba huzuni hufanyiwa mazoezi. Mchungaji Tolliver — kijana, ametoka chuo cha Atlanta, viatu vinang'aa — ameniandikia hotuba ya dakika tatu ya Alhamisi. Hotuba nzuri. Imepigwa mistari mahali pa kunyamaza.

"Hapa utamtaja jina, Mama Mchungaji, halafu utulie. Machozi yakija, yaache."

"Na yasipokuja?"

Akakuna shingo. "Eh… hata hivyo pia ni sawa."

Lampkin alikuwa kwenye kona muda wote. Ana miaka sabini na minane. Kanisani kwake mwanamke husoma matangazo akiwa sakafuni, mimbarini hapandi. Nimo kwenye Umoja mwaka wa tisa, mchungaji kama wao, na sijawahi kukanyaga juu pale. Zamani niliudhika. Leo nilimtazama nikaona mzee tu aliyefunga tai vibaya.

Jumatano, 10 Septemba

Nilikwenda kwa Quincy kumwambia. Ni haki yake, alikuwa mumewe.

Alikuwa anamlisha mtoto. Nilipotaja Alhamisi, chupa ikamtoka mdomoni mtoto, naye akaanza kulia. Quincy hakumbembeleza. Akasema, "Mama, usiende."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema yote, macho yakiwa sakafuni. Uchungu ulianza saa tatu asubuhi. Wao waliondoka saa tano na robo. Saa mbili nzima na zaidi! Yeye alikuwa uani anakata majani. "Alinijia mara mbili, Mama. Nikamwambia mtoto wa kwanza hana haraka, ngoja nimalize upande wa uzio." Akamaliza upande wa uzio. Akaoga. Ndipo wakapanda gari.

"Watakuuliza saa," akasema. "Lazima watauliza. Utawaambia nini?"

Nilisubiri hasira. Nilikaa kwenye kile kiti nikiingojea kama mtu anayengoja simu. Haikuja. Nikamchukua mtoto nikamaliza kumlisha, nikamcheulisha, nikamrudisha. Nikasema kwaheri. Njiani nikasimama kuweka mafuta, nikasahau kuyaweka, nikaendelea.

Sikumpigia Battle. Ningemwambia nini? Kwamba hotuba ya Tolliver imeziruka zile saa mbili za kungoja?

Alhamisi, 11 Septemba

Ukumbi wa kaunti umejaa. Wenzangu walisimama ukutani kuanzia mlangoni mpaka kwenye bendera, kola nyeupe, mikono mbele. Kabla ya kuanza, Askofu Crenshaw wa Kipentekoste aliomba kwa sauti ya chini, na bibi mmoja wa mstari wa nyuma akawa anamwitikia: Ndiyo, Bwana. Ndiyo. Mlinzi akawaambia wapunguze sauti. Bibi akaongeza.

Nilisoma karatasi ya Tolliver. Nilinyamaza palipopigwa mistari. Machozi hayakuja. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika kama tangazo la kituo cha basi.

Halafu mjumbe mmoja, Bwana Prather, miwani kwenye ncha ya pua, mpole kabisa: anasikitika sana, ila angependa kujua. Uchungu ulianza saa ngapi? Na waliondoka nyumbani saa ngapi?

Anajua. Mji huu mdogo, majirani waliona mashine ya kukatia majani.

Nikageuka. Quincy alikuwa amesimama karibu na mlango. Sikujua kama angekuja. Battle alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kidogo sana: usijibu, Dada.

Nikajibu. Saa tatu. Saa tano na robo. Mumewe alikuwa anakata majani.

Ukumbi ukaguna. Prather akaanza kukusanya makaratasi yake, kama mtu aliyemaliza.

Nikasema sijamaliza. Nikasema: wodi ilipokuwa wazi, kutoka uani kwao mpaka mlango wa hospitali ni dakika kumi na moja. Nimepima leo asubuhi. Angekata majani yote. Angeoga. Wangegombana, wakapatana, akamtafutia viatu. Na wangefika. "Kila mwanamume wa kaunti hii amewahi kumwambia mkewe ngoja kidogo. Hata wewe, Bwana Prather. Wa kwako alingoja, akafika. Wangu alingoja, akafa. Tofauti ni barabara."

Kengele ya dakika tatu ililia zamani. Hakuna aliyenikatiza.

Nilipogeuka tena, Quincy hakuwepo.

Bodi itapiga kura Jumatatu. Hilo ndilo walilosema.

Ijumaa, 12 Septemba

Simu siku nzima. Battle: hajawahi kusikia ushahidi kama ule. Tolliver: nimewapa wapinzani kisu, mpini nimewashikisha wao, gazeti limeandika majani kwenye kichwa cha habari, wodi imeandikwa chini. Wote wawili huenda wamesema kweli. Niliwasikiliza huku nikimenya viazi. Nimemenya vya watu wanane. Naishi peke yangu.

Quincy hapokei. Nimepiga mara sita. Mara ya saba dada yake alipokea, akasema Mama Verlene, mwache kwanza. Umemvua nguo mbele ya watu. Akakata.

Ni kweli. Nilimvua. Nilifikiri namfunika.

Saa kumi jioni Lampkin mwenyewe. Hajawahi kunipigia simu. Alikohoa kwanza. Akasema ibada ya Jumapili inahitaji neno, na ndugu wamekubaliana ni langu.

"Mimbarini?"

Akakohoa tena. "Kipaza sauti cha sakafuni ni kilekile, Dada."

Nikasema nitakuja. Simu ilipokatika nikagundua sikumwambia nitasimama wapi. Naye hakuuliza.

Jumapili, 14 Septemba

Niko chumba cha nyuma kwa Lampkin. Saa nne na dakika hamsini. Ibada imeanza, makanisa kumi na mawili chini ya paa moja, mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Kinanda kinatikisa dirisha. Nilikaa tangu asubuhi na karatasi hii kuandika mahubiri, naandika shajara.

Quincy amekuja! Nimemwona kwa upenyo wa mlango. Mstari wa tatu, suti ya mazishi, mtoto kwenye kikapu chake miguuni. Dada yake hayupo. Watu wameacha nafasi kushoto kwake na kulia kwake — katika kanisa ambalo halina pa kuweka hata kofia. Haimbi. Anatazama mbele tu. Sijui amekuja kunisikia au kunijibu.

Bibi yule wa kaunti, yule aliyekataa kunyamaza, ndiyo kwanza ainuke kwenye kiti chake. Anapita kwenye magoti ya watu. Amekaa kulia kwa Quincy. Nafasi ya kushoto bado wazi.

Lampkin ameingia sasa hivi. Hakukaa. Ametazama karatasi yangu, ametazama dirisha. Akasema, "Ngazi za mimbari ni tatu. Ya pili imelegea. Ikanyage pembeni."

Nikasema, "Asante, Mchungaji."

"Usinishukuru. Mashemasi wangu wawili wamechukua kofia zao wametoka. Huenda na wengine." Akavuta tai yake. "Haya."

Ameuacha mlango wazi. Ubeti wa mwisho. Bodi inapiga kura kesho, na nusu yao wameketi humu, Prather yumo. Sina neno hata moja. Kifuani hakuna kitu, nimegonga mara nyingi, hakuna anayeitika. Battle ananiashiria. Ninachokijua ni kwamba nikipanda juu pale nitamwona kila mtu, na nafasi ile ya kushoto itakuwa mbele ya macho yangu, na naweza kupanda, au naweza kwenda kukaa pale, kando ya Quincy. Kinanda kimenyamaza. Wanasimama. Naweka kalamu.