Konokono wa Cherono na Chujio Langu la Maziwa

Jumanne, 9 Aprili 1996

Nimekama ng'ombe wawili. Nimechuma kikapu kimoja cha majani chai kabla mvua haijashika. Nimerudi jikoni, chujio la maziwa halipo kwenye msumari wake.

Najua liko wapi. Liko kule chini kwenye chemchemi, na Cherono. Mwanamke wa miaka arobaini na moja amepiga magoti matopeni anachekecha majani yaliyooza. Anatafuta konokono. Kwa chujio langu. Nimesema mpaka nimechoka.

Huyu ndiye binti niliyemsomesha. Alizaliwa jioni mbuzi wakirudi, ndiyo maana akaitwa Cherono. Alipokuwa mdogo alificha konokono kwenye kopo chini ya kitanda. Nilimchapa. Akahamishia kopo zizini. Nikamchapa tena. Haikusaidia kitu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Jirani ameleta mtoto anayekohoa, ati amesikia daktari yuko nyumbani. Cherono akamwambia yeye si daktari wa watu. Jirani akaniangalia mimi. Nikajifanya nachochea moto.

Alikuwa msichana wa kwanza upande wetu wa Mogogosiek kuingia chuo kikuu. Tulichinja dume. Wazee wakabariki. Nikajua atarudi na koti jeupe. Koti analo, kweli. Analivaa Nairobi kwenye jumba la makumbusho, akipanga konokono waliokufa. Miaka kumi na saba. Nilienda kuona mara moja. Droo kutoka chini mpaka juu, na kila konokono na karatasi yake kama mfungwa. Wakanipa chai. Sikuweza kuimeza. Chai ya kwetu, na haikupita.

Miaka ya kwanza alikuwa anaosha magamba tu. Wazungu wakija yeye ndiye anawabebea ndoo msituni. Wakirudi kwao, konokono wanapewa majina ya wazungu. Cherono anabaki na ndoo. Hiyo pia inanichefua. Sijui ni gani inanichefua zaidi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekanyaga ute jikoni kwa mguu mtupu. Mpaka saa hii nauhisi kati ya vidole.

Chupa tano mezani pangu, pale ninapokatia mboga. Kila chupa imejaa maji hadi mdomoni, kifuniko kimefungwa, konokono wako ndani wanazama polepole. Ati lazima wafe wakiwa wamenyooka, ndipo awatie dawa wasioze. Wakifa ghafla wanajikunja ndani ya gamba na haoni anachotaka. Nikamuuliza anataka kuona nini. Akaniambia bila haya: anawapasua aangalie sehemu zao za siri. Hizo ndizo zinaonyesha huyu ni nani na yule ni nani. Na kila mmoja ni dume na jike pamoja.

Nilitoka nje nikatema mate.

Dukani nako sikupumzika. Wanjiru mwenye duka, huyu wa kutoka Murang'a, ananingoja na mdomo umejaa, na ananiita nyanya kwa lugha yetu. "Gogo, ni ukweli daktari anakula hizo vitu? Ama anapelekea wazungu kwa hoteli?" Wanawake wakacheka. Nikamwambia afadhali konokono kuliko unga wake wenye wadudu. Nilichukua chumvi yangu nikatoka. Lakini njiani uso ulikuwa unawaka.

Jumamosi, 13 Aprili

Amerudi mbio kutoka chemchemini. Mbio, na matope mpaka kiunoni. Nikafikiri ni nyoka.

Ni konokono watatu. Wadogo kama punje ya wimbi. Alinishikia kioo cha kukuzia nikaangalia. Gamba la kahawia lina nywele. Nywele! Kitu kinachoteleza, halafu kina nywele. Mungu alikuwa amechoka siku hiyo.

Jioni akanieleza akiwa anapura maharagwe na mimi. Mzungu aliyekuwa mkubwa wa chumba cha konokono anaenda kwao. Kiti chake kitatolewa mwezi wa sita. Yuko kijana aliyesoma ng'ambo, ana karatasi nene, wanampenda. Cherono ana miaka kumi na saba ya kubeba ndoo. Lakini huyu mwenye nywele hajaandikwa popote duniani. Mwaka jana alipata magamba matupu hapa kwetu, wakubwa wakamwambia gamba tupu si kitu, lete mwenyewe akiwa ndani. Akambeba mmoja akiwa hai. Kufika Nairobi ameoza. Wadogo namna hii hawamalizi hata siku moja nje ya majani yao. Ni lazima watiwe dawa hapa hapa.

Sasa amewatia. Chupa ndogo kama ya matone ya macho. Aliishika kama mtu anayeshika yai la mwisho.

Niliendelea na maharagwe. Lakini nilifikiri: hicho kiti ni chake. Hata kama ni kiti cha kinyaa.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani peke yangu. Cherono ameenda chemchemini. Siku ya Bwana, anachimba majani.

Saa nane ushirika wa akina mama ulikuwa unakuja kwangu, na mimi ndiye mwenyekiti. Nikarudi mapema kufagia. Nikafagia mpaka chumba cha Cherono. Ufagio ukagonga mtungi wa plastiki chini ya kitanda. Nikafungua.

Harufu hiyo siwezi kuisahau. Hata nikiwa kaburini nitaijua. Baba Cherono alikuwa anarudi nayo kila jioni kutoka kwa Taprandich, mpika pombe wa kule mtoni, mpaka siku aliyolala mtaroni kwenye mvua na hakuamka. Miaka kumi na tisa sasa. Chang'aa haijavuka kizingiti changu tangu siku hiyo. Na sasa iko chini ya kitanda cha mtoto wangu. Lita tano.

Nikajiambia, kumbe ndiyo maana hana mume. Kumbe ndiyo maana haji kanisani. Nikanusa chupa zake. Zote zinanuka hivyo hivyo. Nikazibeba zote pamoja na mtungi mpaka nyuma ya jiko, nikamwaga chini ya migomba. Chupa za wadudu nilizimwagia kwenye chujio, leo ameliacha msumarini, wadudu wakubwa nikawarudisha ndani bila tone. Mimi si mwizi. Niliosha mikono. Nikapokea wageni. Nikaomba kwa sauti kubwa juu ya ulevi katika nyumba zetu, na akina mama wakaitikia vizuri sana.

Katikati ya wimbo wa pili kuku mwekundu akapita mlangoni akitembea upande upande. Akaanguka. Akainuka. Akaanguka tena. Mama mchungaji akaona. Nikasema ni ugonjwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Alirudi jana wageni wakiwa wameenda. Nilikuwa nimejitayarisha kumkemea. Nimeanza tu, akapita kwenda chumbani. Akatoka na ile chupa ndogo. Tupu.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Akaniambia si pombe ya kunywa, Mama, ni spiriti ya kuhifadhia, inatoka kwenye makumbusho, ni kali mpaka mtu akiinywa inamchoma tumbo. Akaniuliza niliimwaga wapi. Tukaenda pamoja chini ya migomba. Mashimo ya chujio ni makubwa kuliko punje ya wimbi. Walipita. Na mahali pale kuku walikuwa wamekwaruza chini mpaka udongo umelainika.

Akaangalia kuku mwekundu. Mimi pia.

Nilimchinja leo asubuhi. Cherono akatafuta ndani ya firigisi kwa kisu chake kidogo. Changarawe na mahindi. Basi. Wale wakubwa nao wameanza kunuka kwenye chupa zao, laini kama uji. Nimewatupa chooni mimi mwenyewe.

Sikusema pole. Neno hilo lilifika hapa kooni likakaa.

Jumanne, 16 Aprili

Cherono ameenda chemchemini kutoka alfajiri mpaka jioni. Hakuna. Ijumaa lazima aondoke, likizo yake imekwisha.

Na hata akipata, atamtia kwenye nini? Mimi ndiye nilienda dispensari, nikatembea na mguu wangu huu. Hakuna spiriti, hata ya kupangusia sindano. Barabara ya Kericho imekatika darajani, lori la majani limelala huko tangu jana. Daktari wa dispensari akaniuliza ninaumwa wapi. Nikamwambia kila mahali.

Ninajichukia. Nimeandika, basi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeenda kwa Taprandich.

Nimejaza kibuyu changu kizuri, kile chenye shanga, mursik, maziwa yaliyoganda ya wiki mbili. Kibuyu nimekichoma ndani mwenyewe kwa makaa ya mti wa senetwet, maziwa yanukie. Siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata kama ni yeye. Nikapita njia ya chini kati ya majani chai ili Wanjiru asinione. Akaniona. Alikuwa anachota maji. Akasimama na mtungi kichwani mpaka nikageuka kona.

Taprandich amezeeka vibaya. Meno mawili. Mtungi unachemka nyuma yake, moshi, harufu ile. Akaniambia, "Raeli. Umekuja kunywa ama umekuja kunitukana? Kutukana ulimaliza siku ya mazishi."

Nikamwambia nataka ile ya kwanza kabisa inayodondoka, kali, kabla hajachanganya.

"Ya nani?"

"Ya konokono."

Akacheka mpaka akakaa chini. Akajipangusa macho kwa kanga. Nikasimama tu kama mti. Nilistahili. Halafu akaacha kucheka, akauliza kama ni Cherono, yule mtoto wa makopo. Nikasema ndiye. Akainuka, akakinga tone kwa tone kwenye chupa safi. Tukangoja. Mara moja tu alisema, bila kuniangalia, kwamba siku ile alimwambia mzee arudi nyumbani kabla ya mvua, na mzee akakataa. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Nikaacha kibuyu. Nikarudi na chang'aa chini ya shuka, mimi, mwenyekiti. Cherono akawasha kidogo kwenye kijiko. Ikawaka bluu, safi. Akasema itafaa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeamka kabla yake. Sijachukua kioo, sijachukua chujio. Macho yangu hayaoni punje ya wimbi hata mchana. Lakini mikono hii imechuma majani miaka arobaini. Inajua lililokomaa na lililo changa bila mimi kuangalia. Nikapiga magoti matopeni pale pale nilipokuwa namcheka.

Nilipapasa jani moja moja. Juu, chini, kando ya mshipa. Minyoo. Kitu chenye miguu mingi. Konokono asiye na nyumba, mnene kama kidole gumba, baridi kama kamasi. Nilitapika kidogo kando ya mgomba mwitu nikaendelea. Maji yaliingia mpaka kwenye titi. Nililaani konokono wote, na makumbusho, na mimi.

Jua lilipotokea juu ya majani chai, kidole kikagusa kitu chini ya jani la mgomba mwitu lililooza. Kidogo. Kinakwaruza. Kina nywele.

Sikuwa na chupa. Mjinga mimi, nilikuja bila chupa! Nikamweka kiganjani na kipande cha jani lake, nikafunga mkono, nikapanda kilima. Njia yote alikuwa anatembea. Nilimhisi. Ute wake kwenye mistari ya mkono wangu, polepole, kama ulimi wa kitu. Nywele za mwili wangu zilisimama zote. Sikufungua mkono.

Cherono alikuwa mlangoni na ndoo. Nikafungua kiganja mbele yake. Akaanza kulia, nikamwambia aache upuzi, huyu atakauka.

Akamzamisha kwenye maji kwanza. Adhuhuri alikuwa amenyooka. Akamtia kwenye ile ya Taprandich. Halafu akanipa penseli na kikaratasi. Sheria yao ni kwamba aliyeokota ndiye anaandikwa. Nikakataa. Akashikilia. Nikaandika: Mogogosiek, chini ya jani la mgomba mwitu, 18 Aprili 1996, Raeli. Herufi zangu ni mbaya. Akakitumbukiza ndani pamoja na konokono. Jina langu, kwenye chang'aa, na mdudu.

Ijumaa, 19 Aprili

Ameondoka. Lori la majani limemvusha mpaka ng'ambo ya daraja. Chupa ameifunga kifuani ndani ya soksi. Aliniambia, "Asante, Mama." Nikamwambia anunue chujio lake.

Pole bado iko kooni.

Jumapili, 2 Juni

Akina mama waliniuliza leo kanisani, mbele ya wote. Wanjiru hakukaa kimya, sikutarajia akae. Ni kweli ulienda kwa Taprandich? Ni kweli ulitoka na chupa? Nikasema ni kweli yote mawili. Ya nini? Nikasema ya konokono. Hawakucheka kama Taprandich. Sasa mwenyekiti ni mke wa mwalimu. Ninakaa benchi ya tatu. Hapo kuna upepo.

Barua ya Cherono imefika. Amempasua yule mwenye nywele. Hafanani na yeyote aliye kwenye droo zao, ndani wala nje. Ameandika yote, amepeleka kwa wakubwa. Kiti hakijatolewa. Wanakaa kikao baada ya wiki mbili. Hajui. Mimi pia sijui.

Jumatano, 5 Juni

Mvua imepungua. Nimekama. Nimechuma.

Kibuyu changu kimerudi. Nimekikuta kimetundikwa kwenye lango, hakuna mtu. Nikakifungua nikanusa, nikingoja ile harufu. Hakuna. Ni moshi wa senetwet tu. Amekichoma vizuri, mpaka kwenye shingo ambapo wanawake wengi wanaruka. Ndani ameweka mbegu za maboga kwenye kitambaa. Imeniudhi. Sikutaka ajue kazi.

Kwenye sukuma wiki bustanini nimekuta konokono, mkubwa, wa kawaida, amekula majani matatu. Jivu la kuwaua lilikuwa karibu. Nikamshika kwa vidole viwili, nikamtupa upande wa chemchemi.

Nimenawa mikono mara mbili. Bado naona kinyaa.