Vifungo Nimefunga Mwenyewe

Kitindamimba wangu,

Chai iko kwenye chupa. Zima pasi kabla ya kutoka, usifanye kama jana. Dawa nimeshameza, usianze kunihesabia vidonge.

Leo sikukungoja unishike mkono. Nimetangulia kibandani kufungua cherehani, mimi na fimbo yangu. Usinipigie simu njiani, nitaipokea kwa mkono upi? Na mwandiko huu usikutishe, ni wa kushoto. Wa kulia bado mzito tangu kiharusi.

Asubuhi nilikuwa nafunga vifungo vya gauni, ukaja mbiombio ukanimalizia: "Mama, tutachelewa." Ukavipishanisha! Mtoto wa fundi cherehani! Ulipoingia kuoga nikavifungua vyote, nikafunga upya, kimoja kimoja, mpaka chai yangu ikapoa. Vimekaa sawasawa. Zamani nilidhani "polepole ndio mwendo" ni maneno ya wavivu. Kiharusi kimenisuta.

Lakini pale pa kuvukia barabara naogopa, sikufichi.

~~Usinifuate.~~

Nifuate, ila kwa mbali, na usinishike.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuvaa viatu kushoto kulia, ukakataa katakata kusaidiwa, ukaenda hivyo hivyo mpaka dukani. Nilikuwa nyuma yako njia nzima, roho mkononi, mdomo nimeufumba.

Leo zamu yako.

Mama