Chonge za Kwenye Bango

Jumatatu, 1 Septemba

Wagonjwa tisa. Kung'oa saba, kuziba moja. Wa tisa kaiona sindano ya ganzi akatoka mbio, kandambili kaziacha mlangoni. Mzee mzima.

Kiti kinashuka chenyewe bado. Nimekiwekea tofali. Fundi anangojwa tangu Pasaka. Afisa masoko hakungojwa, Daktari Masele, mwenye kliniki yetu, kamleta kutoka Dar fasta. Anaitwa Frenki. Miwani ya jua ndani ya nyumba, na kila neno "sista, sista". Simpendi, na sina haja ya sababu.

Kanipiga picha ya bango na koti jeupe. Kaniambia nicheke. Mimi nacheka midomo imefungwa tangu darasa la kwanza. Kang'ang'ania. Nimefungua mdomo ili aondoke tu.

Barua ya mwajiri, Masele kanijibu: "Kesho, Eliza." Wiki ya tatu hii ya kesho. Ufadhili wa kusomea udaktari wa meno unafungwa tarehe kumi, na mwisho wa umri ni miaka thelathini na tano. Ndiyo niliyonayo. Mwakani sihesabiki. Miaka kumi na moja nafanya kazi ya tabibu, meno magumu yote Masele ananisukumia mimi, halafu sahihi yake ndiyo inayonishika koo.

Jumatano, 3 Septemba

Barua bado. Nimemkuta Masele anasoma gazeti. Kesho. Nikamwambia asante. Asante ya nini? Mnafiki mkubwa mimi.

Frenki kashinda sokoni anauliza watu ni shida gani ya meno inawakosesha usingizi. Karudi na daftari anachekelea. Wamejifungia ofisini yeye na Masele mpaka saa kumi.

Ijumaa, 5 Septemba

Bango limepanda. Uso wangu, mkubwa kama mlango, mtaa mzima wa Mtendeni unauona. Chini yake, herufi nyekundu: TUNANG'OA MENO YA PLASTIKI YA WATOTO. BILA MAUMIVU.

Nimesimama katikati ya barabara mpaka bodaboda kanitukana.

Hakuna ugonjwa huo. Hakuna! Mtoto anashikwa na homa, anaharisha, wanamfunua mdomo. Wanaona ufizi umetuna pale chonge zinapojiandaa kuota. Basi, hayo ndiyo meno ya plastiki, yanamuua, yachimbwe. Waganga wa kienyeji wanachimba kwa spoku ya baiskeli. Kumbe ni malaria. Nimeshawaona watoto hao mimi. Wengine sikuwaona mara ya pili.

Na bado. Kwenye picha wamenitia chonge, mbili za juu, nyeupe pee. Mimi sina. Zangu zilichimbwa kijijini kwetu Ipole nikiwa na miezi saba, na za ukubwani hazikuota kamwe. Frenki kasema, "Nimekupendezesha tu, sista." Ningekuwa na koleo mkononi, ningempendezesha na yeye.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeingia kwa Masele bila kubisha hodi. Nikamwambia bango lishushwe. Hakukasirika, na hilo ndilo limenichoma zaidi. Anajua vizuri kuwa ni uongo. Kasomea! Kasema tutapaka ganzi, tutakwaruza ufizi kidogo, mama ataondoka na moyo mweupe. Wasipokuja kwetu si wataenda kwa wenye spoku?

Nikamuuliza, na homa? Kasema homa si idara yetu.

Kisha kafungua droo kanionyesha barua. Imechapwa, jina langu juu, sifa kedekede. Imebaki sahihi na mhuri. "Jumatatu wataanza kuja. Nataka mikono yako, wewe unajua watoto." Kaifunga droo kwa ufunguo.

Nikatoka, mlango nikaufunga taratibu. Hapo ndipo ninapojichukia. Nimerudi nyumbani nimefua mashuka yote, hata yaliyokuwa safi.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa napiga hesabu ya kijinga: nikikwaruza kidogo tu, juujuu, halafu niwanong'oneze waende hospitali. Barua naipata, mtoto anapona, nani kaumia? Nimeirudia mpaka ikaanza kuonekana ina akili. Shetani hana haja ya kuja Tabora, Masele yupo.

Jumatatu, 8 Septemba

Gari la matangazo linapita tangu asubuhi, spika mbili juu. Saa nne wakaingia. Binti wa miaka ishirini hivi, kitoto cha miezi sita mgongoni, na mama mkwe wake mbele. Wametoka Ulyankulu alfajiri. Nikamsalimu bibi shikamoo, akaitika marahaba huku ananitazama mdomo. Kasema, "Ni wewe wa kwenye bango. Tumekuja kwako wewe, si mwingine."

Kwangu mimi. Uso wangu ndio uliowatoa huko.

Mtoto anaitwa Jeni. Nikamgusa. Moto! Macho yamelegea, hata kulia hajisumbui. Masele alisimama mlangoni, ufunguo wa droo anauzungusha kidoleni. Frenki na simu yake, anarekodi. Trei ilikuwa tayari.

Nilishika pamba. Naandika hili kwa kuwa ni kweli: nilishika pamba, nikaichovya kwenye ganzi.

Kisha bibi akamwambia mkwewe, kwa kumtuliza, "Usiogope. Si ulimuona dokta kwenye bango, alivyo na meno mazuri."

Sijui nikiite nini kilichonipanda. Nikaitupa pamba. Nikampanulia bibi mdomo wangu wote, nikamwambia, tazama. Weka kidole. Kaweka, kweli, kidole chake kigumu cha jembe, upande huu, kisha upande huu. Pengo, pengo. Nikamwambia hizi zilichimbwa nikiwa kama Jeni, homa ikabaki palepale, na wa kwenye bango kachorwa. Mtoto ana malaria, twendeni akapimwe.

Bibi akamgeukia Masele: "Na wewe mzee mzima, unatangaza nini?" Nimempenda yule bibi.

Masele kaniambia nikivuka mlango nisahau barua. Nimevuka. Frenki alikuwa bado anarekodi, mjinga yule.

Hospitali: kipimo kimeonyesha malaria, kali. Kalazwa, katundikiwa dripu. Mama yake kalia, mimi nikalia, bibi akatufokea wote wawili.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya mwisho ya maombi. Jeni kaanza kunyonya.

Nimekwenda kliniki kuchukua koleo zangu, nilizinunua mwenyewe. Masele hakuinua kichwa. Bango liko palepale, nacheka na chonge za Frenki. Mama mwingine alikuwa amesimama chini yake na mtoto, analisoma kwa kidole.

Basi. Nimevuka barabara kwa Bi Zuwena wa duka la vitambaa, nikaomba ngazi. Hakuuliza. Kaishika mwenyewe, mtandio umemteleza, anawalaani Masele na Frenki mpaka mababu zao. "Shuka nalo lote, mwanangu, usiwaachie hata kamba." Mchana kweupe, watu wamejaa. Masele katoka, kasema atanishtaki kwa wizi. Nikamwambia sura ni yangu, anishtaki. Akarudi ndani.

Saa sita usiku dirisha la maombi limefungwa. Sikulala, ila si kwa majuto. Hasira tu. Hasira na njaa.

Jumapili, 14 Septemba

Ipole. Mama kanipokea kwa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kama vile nilitoka jana. Kuna joto. Mizinga ya nyuki ya baba ipo tupu.

Kaniuliza chuo kinafungua lini. Nikamwambia mwaka huu sipo, na mwakani sipo. Kaendelea kumenya mihogo.

Bango nimelileta, turubai zuri, halivuji. Kalitandaza uani aanikie. Alikuwa hajaliona kabla. Kasimama muda mrefu anautazama uso. Mama hajui kusoma, hakuniuliza maandishi. Kachuchumaa, kaweka kidole kwenye chonge moja, kisha nyingine.

"Ungekuwa hivi," kasema.

Nikasema ndiyo. Nilikuja na maneno mengi ya kumwambia, ya miaka. Nikalivuta beseni la mihogo.

"Ulikuwa wa moto," kasema. "Nilikuwa peke yangu na wewe."

Tumeanika mpaka beseni likaisha. Mihogo yote kaimwaga juu ya zile herufi nyekundu. Usoni hakuweka hata kipande.