Kinu kilichotwangiwa dawa ya mchwa

Ruponda, Jumapili, 14 Desemba 2003

Na bado anataka nimshukuru.

Bwana shamba alinipa chembechembe za kuua mchwa, akanieleza vizuri: kila chembe ina ganda, udongo ukilowa dawa inavuja kidogo kidogo, mahindi yanalindwa mpaka yakomae. Niliandika yote. Kisha nikaenda msibani, kazi ya kupanda nikamwachia shemeji Bakari, kaka wa mke wangu.

Shemeji ni mtu wa haraka. Alizitwanga zote kwenye kinu chetu cha unga, akamwaga shambani.

"Dawa yenyewe ilikuwa mvivu, shemeji," ameniambia leo. "Mimi nimeiamsha tu."

Imeamka kweli. Mvua ya kwanza imeondoka nayo, na mchwa wamerudi kwenye mahindi wakiwa na afya njema kuliko mimi.

"Na kinu?"

"Nilikisuuza."

Alikisuuza. Wiki mbili tumekula ugali wa muhogo uliotwangwa humo. Ijumaa binti yetu Zuhura aliumwa tumbo, nikamlaumu kwa maembe mabichi. Sasa naogopa. Kesho asubuhi nampeleka zahanati ya Mnero.

Kinu nimekitoa nje, ingawa mke wangu alikirithi kwa mama yake. Udongo ulishindwa kuishika ile dawa hata siku mbili. Mti wa kinu umeinywa vizuri, na ungetugawia kidogo kidogo mpaka tukomae, kama bwana shamba alivyoeleza.