Helmeti haikuingia

Jumanne usiku

Helmeti imegoma kabisa. Juzi nimesuka rasta nene kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na asubuhi nimeisukuma mpaka masikio yakauma. Nikaiacha kabatini, nikapanda baiskeli kichwa wazi.

Niseme ukweli, sikujisikia vibaya. Upepo ulikuwa mzuri.

Jioni, karibu na soko la Nyasubi, bajaji ikanikatia mbele ghafla. Nilianguka pembeni kabisa ya mtaro wa zege. Mama mmoja muuza nyanya akaniinua.

"Pole mwanangu. Kichwa hakijagonga?"

Hakikugonga. Nimechubuka kiwiko tu, lakini sikupanda tena. Niliikokota baiskeli mpaka nyumbani.

Mume wangu alipopiga simu kutoka machimboni Mwakitolyo, nilimweleza. Helmeti ile alininunulia yeye.

"Fumua hizo nywele, Mama Kulwa."

"Harusi ni Jumamosi."

"Fumua."

"Na wewe leo umeshuka duarani, huko shimoni, na kofia ngumu?"

Nikasikia wenzake wakicheka.

"Kule chini kuna joto," akasema.

Sikugombana naye. Nilimwambia nitafumua, na yeye kesho avae. Akasema sawa.

Nimeshafumua upande mmoja, vidole vinauma. Harusini nitakwenda na msuko rahisi wa twende kilioni, maana ndiyo inayolala vizuri ndani ya helmeti. Mdogo wangu atanuna.

Nywele zangu Baba Kulwa ataziona Jumamosi. Lakini yeye akiwa kule chini, mimi nitamwonaje kama amevaa?